Prado ya Nairobi ni bei chee mpaka ufike mpakani

Toleo hili barua karibu zote ni za gari kuukuu za kutoka nje, na nyingi zimetoka huku kwetu Kaskazini. Sishangai, mipaka ya Namanga na Holili iko mlangoni na kila mtu ana shemeji Nairobi mwenye gari ya kuuza. Nimechukua tatu.

Shikamoo anko. Mimi nina biashara ya mitumba Kiboriloni, Moshi. Kuna jamaa yetu Nairobi anauza Prado ya 2003, petroli, injini ya 2700, iko safi sana na bei yake ni kama nusu ya wanayotaja yadi za Arusha. Anasema kodi alishalipa Kenya na sisi wote ni Afrika Mashariki, so niingie nayo Holili kwa kibali cha muda alafu kikiisha nakiongeza tu. Shemeji anasema wengi ndo wanavofanya. Je ni kweli au naingia choo cha kike? Msomaji, Moshi

Marahaba mangi. Unaingia, tena na mlango unajifunga nyuma yako.

Hiyo ya kodi ilishalipwa Kenya ni kweli, ila ililipwa Kenya. Vitu vinavyovuka mpaka bila ushuru ndani ya Jumuiya ni vile vilivyotengenezwa humu humu kwa masharti yake, na Prado imetengenezwa Japani, kukaa kwake Nairobi miaka yote hiyo hakujaifanya kuwa Mkenya. Siku ukitaka kuipa namba ya Tanzania, TRA wanaihesabu kama gari iliyotumika inayoingia toka nje, na hapo sasa ndo umri wake unakuchapa.

Twende na hesabu, nachukua namba rahisi ili ikae kichwani, sio bei ya Prado yako. Sema TRA wameithaminisha mil 10. Ushuru wa forodha 25%, mil 2.5, tunafika 12.5. Injini iliyozidi cc 2000 inalipa ushuru wa bidhaa 10% ya hiyo 12.5, mil 1.25. Alafu kuna ile ya uchakavu, gari ya kutembelea iliyopita miaka 10 inapigwa 30%, yaani mil 3.75 kwa kosa la kuzeeka tu. Hapo tuko 17.5, na juu yake VAT 18%, mil 3.15. Jumla kodi mil 10.65 kwenye gari ya mil 10, na bado hujagusa tozo ya reli, usajili na hela ya wakala. Gari hiyohiyo ingekuwa chini ya miaka 8 isingekuwa na uchakavu kabisa na kodi ingekuwa kama mil 6.2.

Na usijidanganye kwamba mtaandikiana risiti ya bei ndogo, hicho kitu kila mtu anakiwaza na TRA wanakijua, wana orodha yao ya thamani na ndo wanayoanzia. Hiyo orodha ipo wazi kwenye tovuti yao, kuna kikokotoo cha magari yaliyotumika, unachagua aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa, nchi, mafuta, ukubwa wa injini, kinakupa jumla. Fanya hivo kabla hujatuma hata shilingi mia, na ufanye tena kama mnavuka mwezi Juni maana viwango huguswa kwenye bajeti.

Sasa ndo uone kwa nini bei ya jamaa yako inapendeza. Ile ya yadi ya Arusha ina kodi ya Tanzania ndani yake, ya kwake haina. Unalinganisha gari nzima na nusu gari.

Kuhusu kibali cha muda, kile ni cha mgeni, mtu anayekuja na gari yake na kurudi nayo. Wewe ni mkazi wa Moshi, duka lako liko Moshi, alafu gari ya namba ya Kenya inapeleka watoto shule muhula mzima, hata trafiki wa Himo ataanza kukusalimia kwa jina. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004 inawapa watu wa forodha nguvu ya kuikamata na kuitaifisha, na ikishaenda imeenda, kule Nairobi jamaa alishakula hela yake. Ongezea na bima, gari ya nje inatembea huku kwa ile kadi ya njano ya COMESA, umoja wa biashara wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika (Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye mpango wa kadi bado tumo), ukigonga mtu na bima wakagundua gari ni mkazi na sio mgeni, jiandae kubishana nao.

Kama bado unaitaka, basi ilipie kihalali, ila karatasi kwanza, gari baadae. Jamaa atoe rekodi ya NTSA, wale wanaosajili magari Kenya, inayoonyesha mwenye gari ni nani na kama benki inaidai, Nairobi gari nyingi nzuri ni za mkopo. Usajili wa Kenya ufutwe kwa sababu inatoka moja kwa moja. Tafuta wakala wa forodha mwenye leseni, sio yule kijana anayekukimbilia pale mpakani na faili kwapani. Pale Holili siku hizi watu wa Kenya na wa kwetu wanakaa jengo moja, ukitokea Taveta unapita upande wa Tanzania unamalizana na wote humo humo, so hakuna sababu ya mtu kukwambia eti hela ya upande wa pili inalipwa kwake.

Alafu kabla ya yote lala chini na tochi na kitambaa. Kwenye hizo Prado namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma cha chesisi upande wa kulia mbele, karibu na tairi. Futa tope uisome herufi kwa herufi ulinganishe na logibuku, yaani kadi ya gari ya Kenya. Herufi zikae mstari mmoja na kina kimoja. Ukikuta hapo pamepakwa rangi nyeusi mpya inang'aa wakati sentimita tano pembeni ni kutu na vumbi la tangu enzi, au pamepitiwa na grainda, simama, jipanguse magoti, aga vizuri.

Ningekuwa mimi ningetafuta Prado namba C au D hapahapa Arusha, kodi ilishalipwa, fundi wake yupo mtaa wa Unga Limited na historia yake unaweza kuuliza.

Mambo vp kaka. Mimi dereva wa utalii, Arusha. Bosi wangu ana Land Rover 110 ya 1997, dizeli 300Tdi, tuliipaki tulipohamia Land Cruiser. Kuna mgeni Mmarekani ameipenda balaa anataka aipeleke kwao, bosi anasema Marekani hawaruhusu gari ya hivo. Nani yuko sahihi? Dereva, Sakina

Poa chalii angu. Bosi alikuwa sahihi zamani, sasa hivi mgeni ndo sahihi. Marekani gari ambayo haikutengenezwa kwa viwango vyao vya usalama haiingii, hiyo ni sheria ya 1988, lakini ikifikisha miaka 25 tangu mwezi iliotengenezwa inaachiwa. Watu wao wa mazingira, EPA, wao wanataka miaka 21 tu ila injini iwe ya muundo wake wa mwanzo. Fomu ni mbili, HS-7 ya usalama na 3520-1 ya EPA, mgeni au wakala wake wa kule ndo anazijaza. Ya 1997 imepita kote.

Na usishangae anavoitolea macho. Kwao Defender, ndo jina la familia ya hiyo 110 yenu, ziliuzwa rasmi kati ya 1993 na 1997 tu, tena za petroli V8. Hii dizeli yenu iliyokuwa inapiga honi Ngorongoro kwao ni kitu adimu, mwambie bosi asiitoe kwa bei ya chuma chakavu.

Ila ngoja. Gari za utalii za Arusha tunazijua wenyewe, zimekatwa katikati zikarefushwa, paa limetobolewa, chesisi nyingine imetoka kwenye gari iliyopinduka Seronera na injini ni ya gari ya tatu. Kwa safari za hapa hamna shida, kwa Mmarekani ni shida kubwa kweli, maana wanachoangalia ni hiyo namba ya chesisi na mwaka wake. Kulikuwa na mchezo wa kuchukua Land Rover mpya na kuivika namba ya kuukuu ili ipite miaka 25, wakashtuka, na mwaka 2013 forodha yao waliisaga moja hadharani mbele ya kamera. So kama chesisi ya hiyo 110 ilishabadilishwa semeni mapema, mgeni aamue mwenyewe. Kama haijabadilishwa, tafuteni karatasi za tangu iingie nchini, hizo zina thamani kuliko tairi mpya.

Ushuru wa kule kwa miaka mingi umekuwa 2.5% kwa gari ya abiria na 25% kwa pickup, hiyo ya pickup ni ya tangu 1964 na ilianzia kwenye ugomvi wa kuku na Wazungu wa Ulaya, sikutanii. Tangu 2025 wamekuwa wakiugusa gusa, wakala wa kule ampe hesabu ya siku hiyo. Yenu ikiwa bado na viti na madirisha nyuma msing'oe chochote, ili ihesabike ya abiria.

Kitu cha mwisho kwako wewe, maana najua bosi atakutuma wewe, ni kuosha. Wamarekani hawataki udongo wa nje hata kiganja. Sio kuosha kwa ndoo, ni mashine ya presha, gari iko juu, ndani ya chesisi, nyuma ya madigadi, juu ya tangi la mafuta, kwenye springi. Ule udongo mweusi wa Serengeti ukikauka humo ndani unakuwa kama saruji, utachokonoa na bisibisi mpaka jioni. Ikifika na udongo inaoshwa kule kwa gharama yake, au inarudishwa.

Habari, dada yangu anarudi moja kwa moja toka Uingereza, anataka kuja na gari yake ya 2012. Kuna msamaha wowote? Mama wawili, Njiro

Upo mama. Sheria hiyohiyo ya forodha ya Jumuiya ya 2004 inamruhusu anayehamia au kurudi kuishi aje na gari moja bila ushuru, kama ni yake na ameitumia huko angalau miezi 12, na muda wa kwenye meli hauhesabiki. Sio anunue mwezi wa tatu asafirishe wa tano. Atunze karatasi ya V5C, ndo kadi ya gari ya kule, yenye jina lake, bima zake za huko na ushahidi wa makazi, na aombe kabla gari haijafika bandarini, ikishafika gharama za kuitunza zinaanza kuhesabika wakati mnakimbizana na barua.

Wasiwasi wangu ni kutu. Huko wanamwaga chumvi barabarani msimu wa baridi na inakula gari kwa chini, juu inang'aa tu. Bahati nzuri ukaguzi wao wa kila mwaka, MOT, uko wazi kwenye tovuti ya serikali yao, hapo hapo Njiro unaweza kuandika namba ya gari ukaona mwaka gani ilifeli na kwa nini. Ukiona neno corrosion limejirudia kwenye breki na chesisi mwambie aiuze hukohuko aje na hela.