Una sapu ya takwimu? Soma hapa kabla hujahama kozi

Mdogo wangu mmoja wa mwaka wa kwanza huko Iringa kaniandikia juzi. Ana sapu ya takwimu, yaani mtihani wa kurudia baada ya kufeli, kidato cha sita alisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), nyumbani hajasema neno, na anauliza ahame kozi au apambane. Nimemjibu pembeni, lakini wenye swali hilo mko wengi na mnaona aibu kuuliza.

Usijione kituko. Kidato cha nne mwaka 2023, hisabati alifaulu kama mtu mmoja kati ya wanne, na somo lenyewe ni la lazima. Wengi tunakwenda HKL tukidhani tumeshaagana na namba, halafu chuoni zinatusubiri mlangoni.

Mimi nilisoma hapa Mbeya. Kipindi cha kwanza mhadhiri akaagiza waliotoka HKL wanyooshe mikono. Tukanyoosha. "Nyie tutaonana Septemba," akasema, darasa zima likaangua kicheko. Septemba ndio ulikuwa mwezi wa sapu. Hadi shati alilovaa nalikumbuka. Basi nilipata A. Matokeo yalibandikwa kwa namba za usajili, ila waliocheka ya kwangu waliitafuta wakaiona.

A hiyo haikutoka kwenye madesa, zile notisi za kunakiliana. Jirani yangu wa geto kule Iyunga alisoma uinjinia, na Kiingereza cha ripoti ya fildi, yale mafunzo ya vitendo, kilikuwa kinamtoa jasho. Tukakubaliana: mimi namnyooshea ripoti, yeye ananifundisha. Jioni tuko kwenye vimbweta, vile viti vya nje vya kusomea, na baridi ya Mbeya ya Juni mnaijua, vidole vinakufa ganzi. Alianza na sehemu, asilimia na namba hasi, mambo ya shule ya msingi. Nilinuna kweli, lakini ndipo nilipokuwa nakwama.

Siku moja nikamuuliza, tunapopima namba za sampuli zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani, kwa nini tunagawanya kwa n−1 badala ya n, yaani idadi ya namba zenyewe. Akaandika bei tano za debe la viazi, za kubuni tu, kwa maelfu: 8, 10, 12, 14, 16. Wastani 12. Tofauti na wastani: −4, −2, 0, 2, kisha akaziba ya mwisho kwa kidole. "Itaje." Nikasema 4, kwa sababu tofauti hizo zikijumlishwa lazima zije sifuri. Kumbe zilizo huru ni nne tu, ya tano imeshafungwa. Kwa hiyo kila tofauti ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe, 16+4+0+4+16 ni 40, gawanya kwa 4 unapata 10, na kipeuo chake cha pili ni kama 3.16. Fomula ile sijaikariri tena.

Sasa nyie mnajazana kundi zima kwenye ubao mmoja, mmoja anakokotoa, waliobaki wanapiga picha. Bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, likiingia mnanunua simu, kikokotoo mnaazima mlangoni mwa chumba cha mtihani. Mkifeli, mhadhiri ana roho mbaya. (Wengine wanayo, sikatai.) Tafuta mtu mmoja anayejua, mlipe kwa unachokijua wewe. Kwa mhadhiri nenda na swali ulilolijaribu likakushinda hatua ya tatu, usiende na "sijaelewa topiki yote".

Na wewe mdogo wangu, usihame. Chukua ule mtihani uliokuangusha, uufanye upya bila kuangalia majibu, kila hatua kwenye karatasi. Na mama mwambie leo hii, maana nauli ya kuwahi sapu atatoa nani?