Kabla hujamkabidhi funguo mpangaji wa Section 8

Ndugu zangu mnaoanza kupangisha nyumba huku Marekani, naona wengi mnahofia tabia za mpangaji mwenye vocha ya Section 8, yaani msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba. Kinachoumiza mfuko zaidi ni ratiba ya ofisi inayosimamia vocha hizo.

Fedha zinatoka wizara ya nyumba, HUD, ila utakayeshughulika naye ni mamlaka ya nyumba ya eneo lako. Mpangaji hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake. Inayobaki mamlaka inakuingizia benki. Kwa hiyo unasaini mikataba miwili, mmoja na mpangaji na mwingine na mamlaka, na kila mmoja una masharti yake.

Kazi kubwa ni ukaguzi. Nyumba isipopita, mamlaka hailipi, na siku ambazo mpangaji amekaa kabla haijapita huzifidiwi. Hata akija na watoto na mizigo, shikilia funguo. Nyumba huangushwa na vitu vidogo tu: king'ora cha moshi kimekufa, dirisha la chini halifungiki, ngazi haina kishikio, jiko moja haliwaki. Rangi inayobanduka isikupite, hasa kama nyumba ilijengwa kabla ya 1978 na atakaa mtoto wa chini ya miaka 6, kwa sababu ya sumu ya madini ya risasi (lead) yaliyomo kwenye rangi za zamani. Zunguka mwenyewe na bisibisi mkononi kabla mkaguzi hajafika.

Wakaguzi wakirudi baadaye wakakuta kasoro ya kuhatarisha maisha, una saa 24 kuirekebisha. Nyingine kwa kawaida siku 30. Ukizembea, malipo yanasimama, na huruhusiwi kumdai mpangaji alipe pengo hilo.

Kodi nayo hujipangii utakavyo. Mamlaka huilinganisha na ya nyumba za jirani zisizo na vocha, na ikishapitishwa, kumwomba mpangaji akuongezee kidogo pembeni ni kosa la kisheria. Halafu hili letu la undugu: huwezi kumpangishia mama yako, mwanao au dada wa tumbo moja kwa vocha, isipokuwa mamlaka imeridhia kwa sababu ya ulemavu.

Kumchunguza mpangaji ni juu yako. Mpigie simu mwenye nyumba wake wa zamani. Lakini majimbo kama New Jersey na Massachusetts hayaruhusu kumkataa mtu kwa sababu tu ana vocha.

Malipo ya kwanza yanaweza kuchelewa, basi weka kando pesa ya rejesho la mkopo wa benki kabla hujasaini chochote.