Mkaguzi aliyeulizia ufunguo

Niliwahi kuwa msimamizi wa usalama kazini katika taasisi moja ya umma, cheo chenye jina refu na bajeti fupi. Kila tuliposikia wakaguzi wa serikali wanakuja, tulijipamba. Mitungi ya kuzimia moto inafutwa vumbi, mpango wa dharura unatolewa kabatini, rejista ya ajali inajazwa kwa mkupuo, mwaka mzima kwa kalamu ileile moja.

Mwaka mmoja akaja mkaguzi ambaye faili hakulifungua. Alishuka ngazi hadi mlango wa dharura, akakuta kufuli, akauliza ufunguo uko wapi. Ulikuwa kwa mlinzi wa zamu ya usiku, na saa hiyo mlinzi yuko kwake amelala. Tulifunga kwa kuogopa wizi. Akatukumbusha kiwanda cha Triangle, New York, Machi 1911: mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa, na moto ule uliua watu 146. Hakupandisha sauti. Aliandika tu.

Mimi kuhusu kufuli lile nilikwisha kuandika barua tatu, zote zikajibiwa kwamba fungu hakuna. Ripoti yake ilipofika, yenye tarehe ya mwisho na kuelekezwa kwa mkuu wa taasisi mwenyewe, fungu likapatikana ndani ya wiki mbili. Tukawekewa komeo la kusukuma linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo.

Ndipo nilipoelewa nguvu ya ukaguzi katika ofisi za umma iko wapi. Faini haitutishi sana, kwa sababu hela inatoka mfuko mmoja wa serikali na kuingia mwingine. Kinachomkosesha bosi usingizi ni hoja iliyoandikwa, ambayo anaweza kuitwa kuijibu mbele ya kamati ya bunge, na ambayo mwakani itaulizwa tena. Kwa hiyo ushauri wangu kwa aliye kwenye kiti nilichokalia: acha kumfichia mkaguzi. Mpe nakala za maombi yako yaliyokataliwa. Wenzangu waliniita msaliti kwa hilo, mpaka buti na glovu tulizokuwa tumenyimwa zilipofika.

Mwache pia azungumze na madereva, mafundi na wafanya usafi bila wewe kusimama pembeni. Mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1947, unampa mkaguzi haki ya kuingia bila taarifa, mchana au usiku, na unamkataza kumtaja aliyelalamika. Wafanyakazi wako wakilijua hilo, watasema mambo ambayo wewe hujawahi kuambiwa.

Angalia lakini mkaguzi anawajibika kwa nani. Jukwaa la mafuta la Piper Alpha lilipolipuka katika Bahari ya Kaskazini mwaka 1988, walikufa watu 167. Usalama wa majukwaa yale ulikuwa chini ya wizara ya Uingereza iliyosimamia pia uzalishaji wa mafuta, na uchunguzi wa Jaji Cullen ukapendekeza, mwaka 1990, kazi hiyo ipelekwe kwa chombo kingine. Kama anayekukagua anapanda cheo kwa ridhaa ya mkurugenzi wako, ripoti yake isome kwa tahadhari.

Sisemi kila ukaguzi una maana. Nimejaza fomu ambazo naamini hazikusomwa na kiumbe yeyote. Lakini agizo la kufanya zoezi la dharura la kushtukiza lilitufaa kuliko semina zote. Mara ya kwanza king'ora kilipolia, watu walirudi kuchukua mikoba. Waliotoka walisimama palepale ambapo gari la zimamoto lingepita. Na orodha ya kuhesabia watu, ile niliyojisifu nayo kwenye mpango wetu, ilikuwa kwenye kompyuta yangu ghorofa ya tatu. Tangu siku ile nakala iliyochapishwa hukaa getini kwa mlinzi, na hubadilishwa kila Jumatatu.