Muulize Shangazi: Kitanda usigawe kabla ya barua

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 27, mwenyeji wa Ukerewe, ila tunaishi Kirumba hapa Mwanza. Nina shahada ya Kiswahili na nafundisha kwa mkataba sekondari moja ya binafsi. Desemba niliomba kusoma uzamivu (PhD) wa fasihi na lugha za Afrika katika vyuo sita, vitano Marekani na kimoja Canada. Nataka kuandika juu ya ngano za Kikerewe. Hadi leo, wiki ya kwanza ya Machi, viwili vimenikataa, kimoja kilinihoji kwa video mwezi wa kwanza kikanyamaza, na vitatu kimya kabisa. Silali. Nafungua barua pepe darasani, jikoni, hata kanisani. Mkuu wa shule anataka nisaini mkataba mpya wa miaka miwili kabla ya Pasaka, nami namkwepa. Kibaya zaidi, mama yangu, anayeuza dagaa Mwaloni, ameshatangaza jumuiyani kwamba mwanawe anakwenda Amerika, na watu wameanza kuahidi michango. Zile barua mbili za kukataliwa sijamwambia. Je, niviandikie vyuo kuuliza? Na mkataba nisaini?*

*Binti wa Kirumba*

Marahaba, mwanangu. Saini.

Nimeanza na hilo kwa kuwa najua utasoma mistari miwili ya hapa kisha urudi kwenye barua pepe yako. Ukishamaliza kuchungulia, rudi tuongee.

Nilipokuwa na umri kama wako niliomba chuo cha ng'ambo. Siku hizo majibu yalikuja kwa posta, na mimi nilitumia sanduku la shule niliyokuwa nafundisha, ufunguo anao karani mmoja aliyekwenda posta siku anayojisikia. Nilisubiri miezi minne. Wa pili haujaisha nikaanza kugawa vyombo. Sufuria kwa jirani, stuli kwa jirani mwingine, na kitanda changu cha mninga, nne kwa sita, nikampa binamu yangu aliyekuwa anaoa. Barua ilipofika ilikuwa na aya mbili, na ya pili ilikuwa ya kunitakia kila la heri. Nililala kwenye mkeka mwaka mzima. Kitanda hakijarudi hadi leo, na binamu sasa ana wajukuu.

Wewe hujagawa kitanda, lakini kumkwepa mkuu wa shule ni huko huko. Unaachia kitu ulicho nacho mkononi kwa ajili ya barua ambayo haijaandikwa. Masomo kule huanza Agosti au Septemba. Kati ya sasa na hapo kuna kodi, kuna chakula, kuna bando la hiyo intaneti unayoitesa. Nenda kwake kesho kabla ya kipindi cha kwanza, umwambie: Mwalimu, nimeomba kusoma nje, sijui kama nitapata, na nikipata nitaondoka mwezi wa nane. Kisha umwombe kiandikwe kipengele kinachokuruhusu kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Omba kiandikwe, usitegemee maneno ya mdomoni, maana mkataba wa muda maalumu hauvunjwi kirahisi kama unavyodhani. Akikataa kipengele hicho, niandikie tena tufikirie. Wengi hawakatai. Mwalimu wa Kiswahili anayesema ukweli kabla hajasaini ni afadhali kuliko anayetoroka katikati ya muhula, na wakuu wa shule wameshawaona wa aina zote mbili.

Tena kumbuka, kukubaliwa na chuo hakujakupandisha ndege. Baada yake kuna visa, na masharti ya visa za wanafunzi kwa sisi Watanzania yamekuwa yakibadilika. Soma mwenyewe kwenye tovuti ya ubalozi, si kwa jirani wala kwa mtu wa stendi anayejua watu. Hiyo ni sababu nyingine ya kuweka sahihi kwenye karatasi iliyo mezani.

Sasa usingizi. Hili lina hesabu, nami napenda matatizo yenye hesabu. Ofisi za Marekani ya mashariki hufunguliwa saa tatu asubuhi kwao, ambayo kwetu ni saa kumi na moja jioni. Wakishasogeza saa zao mbele mwezi huu, itakuwa saa kumi. Wale wa California hufunga kazi sisi tukiwa tunakoroma, saa tisa au saa kumi za usiku. Maana yake, ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, Amerika imeshafunga duka. Walichotaka kukutumia jana kimeshafika, na cha leo hakiji mpaka jua la hapa liwe linashuka ziwani. Kufungua barua pepe saa tano asubuhi, wanafunzi wa kidato cha pili wakikutazama, ni sawa na mimi kwenda posta Jumapili. (Nilikwenda. Mara mbili.)

Kwa hiyo fungua mara moja, asubuhi, kabla ya chai. Ukishafungua Jumamosi asubuhi huna la kutafuta tena mpaka Jumanne asubuhi, kwa sababu Jumatatu yao inaisha sisi tumelala. Zima ule mlio wa taarifa kwenye simu. Na kanisani, mwanangu, simu ibaki kwenye mkoba.

Umeuliza kama uwaandikie. Kwanza ujue wanachofanya huko kwenye kimya chao, maana nahisi unawaza kuna mtu mmoja ameshika jina lako anatikisa kichwa. Jalada lako linasomwa na kamati ya wahadhiri wa idara, watu wale wale wanaofundisha na kusahihisha mitihani. Mwanafunzi wa uzamivu kule mara nyingi halipi ada. Chuo kinamlipia, kinampa na posho ya kujikimu kwa miaka kama mitano, naye anasaidia kufundisha. Ndiyo maana nafasi zinahesabiwa kwa fedha kwanza, majina baadaye, na idara nzima inaweza kuchukua watu wachache wa kuingia Hiace moja na viti vikabaki. Halafu kuna suala la msimamizi: ngano za Kikerewe zinahitaji mtu anayeweza kuzisimamia, na kama mhadhiri huyo yuko likizo ya utafiti au ameshajaza wanafunzi, jalada lako zuri linawekwa pembeni bila kosa lako. Kamati ikimaliza, majina yanapanda ofisi ya chuo ya masomo ya juu kuthibitishwa, ndipo barua zitoke.

Na barua hazitoki pamoja. Idara nyingi huwaandikia kwanza wale wanaowataka, wa kukataliwa huandikiwa mwishoni, na katikati kuna kundi la akiba ambalo wakati mwingine haliambiwi chochote. Sitakudanganya: kile chuo kilichokuhoji Januari, kikiwa kimya mpaka mwisho wa Machi, pengine kimekuweka akiba au kimekupita. Lakini kuna tarehe moja ya kuandika ukutani, 15 Aprili. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba aliyepewa nafasi yenye ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya siku hiyo. Kuna watu wamekubaliwa mahali patatu na wamekalia zote, wanaziachia dakika za mwisho, na kila wanapoachia mtu wa akiba anapigiwa. Siku mbili tatu kabla na baada ya tarehe hiyo mambo hubadilika haraka.

Basi waandikie, ila si leo. Ngoja wiki ya mwisho ya Machi. Mwandikie mratibu wa masomo ya juu wa idara, usimwandikie profesa uliyemtaja kwenye maombi. Sentensi tatu zinatosha: mimi ni fulani, niliomba programu fulani, naomba kujua kama uamuzi umefanyika. Chuo kilichokuhoji ukiongezee sentensi moja, kama ni kweli kwamba hicho ndicho unachokitaka kuliko vingine. Usieleze habari za mama wala za mkataba. Usitume ya pili.

Kuhusu wale wawili waliokukataa, najua umezisoma barua zao mara nyingi ukitafuta kosa lako. Halimo humo. Ni barua moja wanatumiwa wote. Na miaka hii imekuwa migumu kwa fani zetu za lugha, historia na falsafa. Chuo Kikuu cha Boston kilisimamisha udahili wa uzamivu katika programu 12 kwa mwaka wa masomo 2025/26, Isimu, Historia na Falsafa zikiwemo. Mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Chicago nacho kikatangaza kupunguza au kusimamisha udahili wa uzamivu katika idara zake za sanaa na lugha kwa 2026/27. Milango mingine ilifungwa kabla hujabisha.

Ipo mingine. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inatoa umahiri, yaani shahada ya pili, na uzamivu, na huko huhitaji kumweleza mtu Ukerewe iko wapi. Ujerumani, kwa mfano Bayreuth, ambako wataalamu wa Kiswahili hukutana kila mwaka, mara nyingi mtu huanza kwa kumtafuta msimamizi mwenyewe na kumwandikia wazo lake, hivyo huna haja ya kusubiri kamati ya watu usiowajua. Viangalie hivyo Aprili, si sasa. Sasa kichwa chako hakina nafasi.

Ila kuna kazi moja isiyosubiri ruhusa ya chuo chochote. Umeniandikia ukurasa mzima na hukutaja hata ngano moja. Nani anakusimulia? Bibi? Ana umri gani? Pasaka shule ikifunga, panda meli ya Nansio uende Ukerewe, beba simu yenye chaji na daftari, ukakae naye siku tatu. Mwache asimulie kwa Kikerewe mpaka mwisho, usimkatize kuuliza maana ya neno. Maneno utayarudia jioni. Kwenu ndiko alikotoka mwandishi Aniceti Kitereza, na bila shaka unamfahamu kuliko mimi. Alimaliza kuandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapwa mwaka 1980, kwa Kiswahili, baada ya yeye mwenyewe kuitafsiri. Miaka 35. Mwaka uliofuata akafariki. Sikupi hiyo kama faraja, maana ukiitazama vizuri inaumiza. Nimemkumbuka kwa sababu ya ile tafsiri. Wachapaji hawakuwa mikononi mwake, Kiswahili kilikuwa mikononi mwake, akakaa chini akaigeuza kazi yote upya. Ngano ulizorekodi Pasaka zitakufaa ukiitwa, zitakufaa ukiomba tena Desemba, na bibi hatakuwepo siku zote kuzisimulia.

Nimemwacha mama mwisho kwa sababu hapo ndipo penye kidonda, na hukuniuliza.

Unamficha mama hasara. Mama yako anauza dagaa, mwanangu. Ameshaanika mzigo asubuhi, mvua ikamwaga saa saba, dagaa wakalowa, akauza gunia kwa bei ya kuku. Kila mwezi kuna siku za mbalamwezi ambazo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, kwa sababu taa zao hazivuti samaki mwezi ukiwaka, na kwa siku hizo yeye hupiga hesabu ya chakula cha nyumbani akijua hakuna mzigo mpya. Katika nyumba hiyo, anayejua kukosa ni yeye. Wewe ndiye mgeni. Unadhani unamlinda, lakini unamwacha apange kwa hesabu ambayo wewe unajua si ya kweli, na hilo yeye hawezi kukusamehe upesi kama atakavyowasamehe Wamarekani.

Mwambie yote: sita, wawili wamekataa, wanne bado, 15 Aprili. Msomee barua moja, umtafsirie. Usimkaripie kwa kutangaza. Mama asiyejivunia mtoto aliyefika hapo ulipofika wewe tungemtilia shaka. Mwombe tu yeye mwenyewe, kwa maneno yake, awaambie wenzake wa jumuiya kwamba mtoto ameomba na anasubiri, wamwombee. Jumuiya ni ya kuombeana, wataelewa. Michango ibaki ahadi mpaka visa iwe ndani ya pasipoti. Kama kuna aliyekwisha kutoa, hata elfu tano, andika jina lake na umrudishie wiki hii.

Usimwite ukamkalisha sebuleni, atadhani una mimba. Subiri jioni, akiwa ameweka ungo mapajani anachambua mchanga na vikonokono kwenye dagaa wa nyumbani. Vuta kigoda, chukua fungu lako uchambue naye. Ukianza kusema, usinyanyue macho. Naye hatanyanyua.