Magunia ya mboga juu ya paa la ghorofa: zege litabeba?

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Tunajenga ghorofa nne za kupangisha Tabata, Dar es Salaam. Paa ni la zege, tambarare, bado hatujalimwaga. Tunataka wapangaji walime mchicha na matembele huko juu kwenye magunia 40. Fundi anasema zege la inchi sita haliwezi kushindwa na mchicha. Ni kweli?

Jibu: Mchicha wenyewe si mzigo. Mzigo ni udongo uliolowa. Gunia lenye upana wa sentimita 50 na kimo cha mita 1 hubeba karibu lita 200 za udongo, na ukishamwagilia linafika kilo 300. Magunia 40 ni tani 12, sawa na matanki sita ya lita 2,000 yaliyojaa maji. Paa la kwenda kuanika nguo tu kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hivi kwa mita ya mraba, na gunia moja linakanyaga sehemu ya tano tu ya mita hiyo. Unene pekee haumtoshi fundi kusema ndiyo: nondo zimepangwaje, na mihimili imeachana kwa umbali gani? Slabu, yaani bamba la zege la paa, ikizidiwa huenda isianguke. Hupinda, ikapasuka nyufa nyembamba, maji yakapenya, nondo zikaanza kutu bila mtu kuona.

Bustani za magunia zilizoenea Kibera, Nairobi, kuanzia 2008 zilisimama ardhini, kati ya nyumba. Nanyi yawekeni chini kando ya uzio, upande unaopata jua la asubuhi, na katikati ya kila gunia jazeni nguzo ya kokoto ili maji yafike hadi chini.

Juu wekeni masanduku mafupi. Hata hivyo, sentimita 15 za udongo wa kawaida uliolowa ni kama kilo 240 kwa mita ya mraba, bado zimezidi. Tumieni makumbi ya nazi yaliyosagwa na mboji, ambavyo ni vyepesi zaidi, na mpange masanduku juu ya mihimili, si katikati ya slabu.

Mna bahati hamjamwaga. Rudini wiki hii kwa mhandisi aliyechora, mwambieni paa litakuwa shamba, apige hesabu upya. Nondo za kuongeza leo ni gharama ndogo mno kuliko kuimarisha slabu iliyokwisha kukauka.

Kabla sanduku la kwanza halijapanda, pakeni kizuia maji, zibeni mifereji, mwageni maji ya kina cha sentimita 5 na kuyaacha siku mbili. Kisha shukeni ghorofa ya juu kabisa mkaangalie dari.