Paka wangu anakula dagaa wabichi, sasa anayumba

Swali: Shikamoo daktari. Nipo Mwanza, nafuga paka wawili, jike na dume. Kwa kama miezi miwili nawapa dagaa wabichi wa mwaloni kila siku, maana wakavu wana mchanga mwingi. Tangu juzi jike anayumba kama mlevi, hataki kula, na kichwa amekiinamisha mpaka kidevu kinagusa kifua. Jirani anasema kalishwa sumu. Je, inaweza kuwa dagaa? Mbona paka wa porini hapikiwi?

Jibu: Marahaba. Kwanza mpeleke jike kwa daktari wa mifugo leo hii, usingoje kesho, na usisahau kumtajia hao dagaa wabichi wa miezi miwili. Asipoambiwa hatajua aanzie wapi. Usimpe dawa yoyote ya nyumbani, hasa parasetamoli, maana inaua paka.

Sijamwona, na jirani huenda hajakosea: paka aliyekula sumu ya wadudu naye huyumba. Ila kichwa kuinama hivyo, ukijumlisha na chakula ulichotaja, mimi nashuku kwanza upungufu wa vitamini B1. Kama ndivyo, sindano za vitamini hiyo mara nyingi huonyesha nafuu ndani ya siku moja au mbili. Akicheleweshwa hufuata degedege, kisha kifo.

Dagaa wenyewe hawana sumu. Dagaa wa Mwanza ni jamaa wa ningu, na samaki wa jamii hiyo wanajulikana kwa kubeba kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Paka hana akiba kubwa ya vitamini hiyo, kwa hiyo wiki chache zinatosha kummaliza. Wala usidhani ukichanganya dagaa wabichi na nyama umesawazisha: kimeng'enya kinaharibu hata vitamini iliyomo kwenye ile nyama. Wafugaji wa mbweha wa manyoya huko Minnesota, Marekani, walilijua hili kwa hasara miaka ya 1930, mbweha wao walipopooza na kufa baada ya kulishwa samaki wabichi. Mink, jamaa wa kicheche, nao hupatwa vivyo hivyo.

Kinachokiua kimeng'enya hicho ni moto. Friji haikiui, na kuanika juani nako usikutegemee. Maji yakishachemka, hesabu dakika 10.

Kuhusu paka wa porini: paka wetu wa nyumbani wametokana na paka pori wa Afrika, na huyo chakula chake ni panya na ndege, anawala na matumbo yao. Sijui nani alituaminisha kwamba paka na samaki ni pete na kidole! Anampenda, sawa, lakini asiwe mlo wake wa kila siku. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha. Siku nyingine mpe kuku au nyama, na maini kidogo tu, kwani yakizidi yanaleta shida ya vitamini A.

Dagaa wakavu unaweza kuwatumia. Wakate vichwa, waloweke kwenye maji ya vuguvugu, mchanga utatua chini; suuza mara mbili tatu, kisha chemsha kwa maji machache bila chumvi wala kitunguu. Mchuzi wake mpe pamoja na dagaa, kwa sababu taurini, ambayo moyo na macho ya paka huihitaji, huyeyukia humo. Samaki wa chumvi, kama ng'onda, mwache kabisa. Sato na sangara toa miba, maana ikishaiva huvunjika vipande vyenye ncha kali.

Na dume, hata kama anarukaruka, amekula sahani moja na mwenzake. Wabebe wote wawili.