Damu Hiyo Umeitoa Mkono Upi?

Mgonjwa alikuwa na siku ya tatu kwenye mashine ya kupumulia, amepewa dawa za usingizi, na dripu ya glukosi ya asilimia 5 ilikuwa ikiingia mkono wa kushoto. Majibu ya alfajiri yalionyesha sukari milimoli 33 kwa lita na sodiamu 126, ilhali jioni sukari ilikuwa 6 na sodiamu 140. Daktari wa zamu aliandika insulini, nami nilikwisha kuivuta kwenye bomba la sindano, ndipo muuguzi mwandamizi aliponiuliza: "Sista, damu hiyo umeitoa mkono upi?"

Nilikuwa nimeitoa mkono wa kushoto, juu kidogo ya dripu, kwa kuwa mshipa wa hapo ulionekana vizuri. Tuliporudia mkono wa kulia, sukari ilikuwa 6.4.

Hesabu yake ni nyepesi, ingawa sikuwahi kuipiga kabla ya siku hiyo. Lita moja ya dripu ile ina gramu 50 za glukosi, yaani takriban milimoli 277. Kwa hiyo sehemu moja ya dripu ikichanganyika na sehemu tisa za damu, sukari hupanda hadi thelathini na kitu, huku sodiamu na hemoglobini zikipungua kwa sehemu ya kumi. Nikiona sukari imeruka na vingine vyote vimeshuka pamoja, huishuku sampuli kwanza. Mgonjwa mwenye fahamu angelalamika sukari yake ikiporomoka kwa insulini asiyoihitaji, lakini huyu angeumia ubongo akiwa kimya.

Toeni damu mkono usio na dripu. Ikiwa hakuna, na dripu ni ya aina inayoweza kusimamishwa bila hatari (ya noradrenalini, dawa ya kushikilia shinikizo la damu, haiguswi), isimamisheni angalau dakika mbili, kisha mtoe chini yake, upande wa kiganja. Potasiamu ikipanda ghafla, ulizeni kama chembe za damu zilipasuka kwa kuvutwa kwa nguvu, au kama damu ilimiminwa kutoka chupa ya kifuniko cha zambarau, ambayo dawa yake ya kuzuia kuganda ina potasiamu. Kipimo cha sukari cha kidoleni nacho huyumba vidole vinapokuwa baridi kwa sababu ya shoki, yaani mzunguko wa damu unapodhoofika.

Fomu yetu ya maabara haina nafasi ya kutaja mkono wala dripu, hivyo mimi huviandika pembeni kwa kalamu nyekundu.